Kipimo cha malaria hakioni kimelea, kinaona protini iliyohama

Mistari miwili ikitokea kwenye kipimo cha haraka cha malaria, tunazoea kusema vimelea vimeonekana. Sivyo. Vipimo vingi vinavyotumika Afrika Mashariki hunasa HRP2, protini ambayo Plasmodium falciparum huitoa nje ya mwili wake. Kwa maoni yangu, mafunzo ya wahudumu wa afya yanayoishia kwenye mikrolita 5 za damu, matone ya bafa (kimiminika cha kipimo) na dakika za kusubiri yameacha nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni safari ya hiyo protini, na majibu mengi yanayotuchanganya chanzo chake kiko humo.

Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu (viwanda vya protini), na haina mtambo wa kusafirisha protini. Kimelea hukaa humo kikiwa ndani ya kifuko, kwa hiyo kati yake na saitoplazimu ya seli, yaani ute wa ndani yake, kuna tando mbili: wa kimelea chenyewe na wa kifuko. Mtambo wa kuzivuka inabidi kije nao.

HRP2 hutengenezwa kwenye ribosomu za kimelea. Mwanzoni mwa mnyororo wake kuna amino asidi zinazokwepa maji, nazo huuelekeza kwenye tundu la Sec61, mlango wa kuingilia endoplazimiki retikulamu, chumba ambamo protini za kusafirishwa huandaliwa. Ndani yake, kimeng'enya kiitwacho plasmepsini V hutafuta alama fupi iliyotangazwa mwaka 2004, PEXEL: arginini, amino asidi yoyote, lusini, yoyote tena, kisha glutamati, aspatati au glutamini. Hukata mara tu baada ya lusini. Watafiti wakibadilisha ile arginini au lusini, protini haifiki kwenye seli nyekundu.

Hatua inayofuata ndiyo inayoelezwa vibaya mara nyingi. Utando wa kimelea haupenywi. Kijifuko kilichobeba protini huungana nao na kumwaga mzigo upande wa pili. Kupenya kwenyewe kunarudi kwenye utando wa kifuko, na hapo kazi ni ya PTEX, mashine iliyoelezwa mwaka 2009, ambayo umbo lake lilionekana kwa kina mwaka 2018. Sehemu zake kuu ni tatu: HSP101 inayochoma ATP (nishati ya seli) na kuvuta, PTEX150 katikati, na EXP2 iliyo tundu lenyewe. Protini iliyojikunja haipiti. Lazima ikunjuliwe, ipite kama uzi kwenye tundu la sindano. Ushahidi wake unapendeza: unganisha protini ya kusafirishwa na kimeng'enya DHFR, kisha weka dawa inayokigandisha DHFR katika mkunjo wake. Mzigo wote hukwama kwenye kifuko. Ukiizima HSP101, usafirishaji husimama na kimelea huacha kukua.

HRP2 ikishavuka hapo, imo kwenye saitoplazimu ya seli nyekundu. Nyingi humwagika kwenye plazima, sehemu ya majimaji ya damu, seli inapopasuka, mwisho wa mzunguko wa kimelea wa saa 48 hivi.

Sasa chukua mgonjwa aliyemaliza dawa ya mseto, homa imeisha, kipimo bado kina mistari miwili. Kuna wanaoandika dozi nyingine papo hapo, na hapo ndipo ninapokasirika. Dawa imeua kimelea, lakini HRP2 ilikwisha kuvuka. Tena baada ya artesuneti, mojawapo ya dawa za malaria, bandama inaweza kukichomoa kimelea kilichokufa na kuirudisha seli ile kwenye mzunguko wa damu, HRP2 ikiwa bado ndani. Kipimo kinaweza kusoma chanya kwa wiki kadhaa. Kabla ya kuchoma kidole uliza alitumia dawa lini. Kama ni ndani ya mwezi, peleka damu kwenye hadubini.

Vipo pia vipimo vinavyonasa pLDH badala ya HRP2, nayo ina tabia nyingine kwa sababu haisafirishwi. Ni kimeng'enya cha ndani ya kimelea, kwa hiyo kimelea kikifa nayo hupungua upesi. Hata hivyo singependa tuhamie huko kwa pupa, maana vipimo vyake kwa kawaida ni dhaifu zaidi vimelea vikiwa vichache.

Upande wa majibu hasi, kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya hrp2. Viliripotiwa Peru mwaka 2010, baadaye Eritrea, ambayo ililazimika kubadili vipimo. Vinaishi bila HRP2, ila mstari wa T, yaani ule unaoonyesha malaria, hautokei. Mambo huzidi kuchanganya pale jeni ndugu yake, hrp3, ikiwa bado ipo: kingamwili za kipimo huweza kuinasa protini yake, hivyo mwenye vimelea vingi akasoma chanya na mwenye vichache akasoma hasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kuachana na vipimo vinavyotegemea HRP2 peke yake pale majibu hasi ya uongo yatokanayo na upotevu huu yanapofikia asilimia 5. Kwa mgonjwa aliye mbele yako, dalili zikiwa nzito na mstari ukiwa mmoja, usimrudishe nyumbani kabla slaidi haijasomwa.