Mnada umepita, nyumba ya pili inunuliweje?

Wengi ambao nyumba zao zinapigwa mnada na benki hapa Dar es Salaam hawakukopa ili wanunue nyumba. Walikuwa na hati mkononi, wakaiweka rehani kupata mtaji wa duka Kariakoo au kuongeza daladala. Biashara ikayumba, ikaja notisi ya siku 60, kisha dalali na kipaza sauti chake. Kwa hiyo anayeapa kwamba hatagusa tena mkopo wa nyumba anaukimbia mkopo ambao hakuwahi kuuchukua.

Simlaumu akiamua kujenga taratibu kwa fedha zake. Kiwanja Chanika, tofali kidogo kidogo, chumba kimoja kikiezekwa unahamia, plasta itakuja na Mungu akipenda. Hakuna riba, hakuna wa kukugongea geti. Ila miaka yote kabla ya kuhamia unalipa kodi kwa mwenye nyumba huku fedha yako imelala kwenye msingi. Na kutokuwa na deni si kinga: mwaka 2017 nyumba za Kimara zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na wapo waliokuwa wamezijenga kwa njia hiyohiyo ya taratibu. Sijagusa bado viwanja vinavyouzwa kwa watu wawili.

Upande wa benki mambo yamebadilika kiasi. Tangu 2010 ipo TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, hivyo marejesho yanaweza kutandazwa miaka mingi. Lakini rekodi ya mkopo ulioshindwa kuulipa inakaa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na benki mpya itaiona kabla hujamaliza chai. Tena kama fedha za mnada hazikufikia deni, deni lililobaki bado ni lako kulilipa. Aliyepoteza nyumba aanze hapo: alimalize, apate barua ya kuthibitisha, hata kabla ya kwenda kuangalia kiwanja.

Mwenye mshahara wa uhakika ningemshauri akope, anunue nyumba yenye hati safi. Mfanyabiashara ajenge taratibu. Wote wawili, hati ya nyumba ya pili isiwekwe rehani kwa ajili ya duka. Sheria inadai ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo huletwa jioni, chakula kikiwa mezani, na mtu anaonyeshwa tu pa kusaini.