Ratiba ya Mlima

Februari ile nyumbani kwetu hakukuzungumzwa kitu ila jua. Nilikuwa na programu kwenye simu inayoonyesha jua litachomozea upande gani wa Amboseli, na daftari limejaa mishale. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na baadaye kidogo jua linaanza kuupaka Kilimanjaro rangi. Hapo una muda mfupi tu kabla mawingu hayajaupanda mlima na kuuficha mpaka jioni. Nilitaka picha moja: Kibo, kilele cha mlima, na theluji yake, nyasi kavu na mgunga mmoja mbele. Mnyama hata mmoja asiwemo. (Najua, mlima uko Tanzania, mita zote 5,895. Lakini sura yake nzuri inatazama huku Kenya. Majirani mtanisamehe.)

Gari la kukodi lina bei yake, kwa hiyo nikamwalika shangazi na wanawe wawili tuchangie. Siku moja kabla ya kuondoka akanikuta nashona mfuko wa maharagwe.

"Hayo ya githeri?"

"Hapana, shangazi. Ya kulazia kamera. Mbugani huruhusiwi kushuka garini ovyo, kwa hiyo unaweka mfuko juu pale paa linapofunguka, kamera inatulia."

Akaupima mfuko kwa mkono, akauweka chini, akampigia mama simu. Nilisikia tu, "Wifi, huyu mtoto anakula vizuri?"

Dereva alikuwa mzee mpole wa Kimana, mtu wa Land Cruiser na redio koli isiyonyamaza. Nilimweleza mpango wangu wote kabla ya lango. Akaitikia kila neno, "Sawa, dada, sawa," kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye ndovu.

"Mzee wangu, mimi nataka mlima."

"Mlima hauendi popote, dada. Ndovu ndio watakaoondoka."

Tukasimama hatimaye mbele ya mgunga wangu. Mlima haukuwepo. Ukungu mtupu, kama anga limeanikwa shuka. Nikalaza kamera kwenye maharagwe, nikafunga kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, nikasubiri. Watoto wakala mayai ya kuchemsha. Shangazi akauliza kwa nini tunaitazama hewa. Ndovu mmoja akaja akajikuna kwenye mgunga, taratibu, huku mgongo wake umeziba kila kitu nilichokipanga. Dereva akafurahi sana: "Piga sasa! Hapo amekaa vizuri!"

Ndovu akaenda zake. Na pale, bila hodi, ukungu ukapasuka, Kibo kikachungulia kikiwa cha waridi. Mikono ilinitetemeka. Nikamwomba dereva azime injini, nikawaomba watoto wasipumue, nikafungua shata kwa sekunde 30 ili mawingu yatoke laini. Moja, mbili, tatu...

Redio ikakoroma: "Sharubu, sharubu, karibu na kinamasi."

Madereva humwita simba sharubu ili watalii wa kigeni wasielewe. Sisi hatukuwa watalii wa kigeni. "SIMBA!" watoto wakapiga kelele, na mzee, ambaye kumbe alikuwa na mguu karibu na pedeli ya mafuta kuliko nilivyodhani, akawasha gari na kuondoka nasi. Nilidaka kamera. Mfuko sikuudaka. Ulishuka ndani, ukapasuka kwenye kiti, na maharagwe yote yakamwagikia shangazi kichwani.

Alipomaliza kuyatoa kwenye blauzi tulikuwa tumefika. Magari yamejazana, shingo zimerefuka, na kule kwenye majani simba amelala, sikio moja tu linatingishika. Nyuma yetu Kibo kilikuwa kinajifunika tena, polepole, kila mtu amekipa mgongo.

"Piga, dada, piga!" mzee akasema. Nikapiga, na lenzi niliyobeba ni ya kupanua mandhari, ile inayosukuma kila kitu mbali.

Picha ya sekunde 30 ilitoka mistari ya njano na kijivu, imeburutwa kuelekea kinamasi. Ya simba niliionyesha kwenye kioo cha kamera, mzee akavaa miwani, akaikuza, akaikuza tena.

"Dada," akasema, "hiki ni kichuguu."