Mnunuzi wa mpira naye achangie

Mti wa mpira hauanzi kugemwa kabla ya kufikisha takriban miaka sita, na kwa hiyo mkulima mdogo wa Thailand au Indonesia aliyepanda bei ikiwa juu huweza kuanza kuvuna wakati bei imekwisha kuporomoka, asiweze tena kubadilisha zao kwa msimu mmoja. Viwanda vya matairi, ambavyo ndivyo wanunuzi wakuu, havifungwi na miti.

Ndiyo maana naupa heshima mkataba wa mpira wa asili wa mwaka 1979, uliojadiliwa chini ya UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, kuliko mipango iliyoufuata. Shirika lake, INRO, lenye makao Kuala Lumpur, liliruhusiwa kuweka akiba ya hadi tani 550,000. Bei ya soko ikishuka asilimia 20 chini ya bei elekezi, msimamizi alilazimika kununua, na ikipanda kwa kiwango hicho alilazimika kuuza. Gharama ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya nchi zinazouza na zinazonunua, Marekani ikiwemo. Mnunuzi alitoa fedha, hakutoa ushauri tu (ushauri haujawahi kuadimika).

Msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 uliuvuruga mkataba huo, uliokuwa umehuishwa mwaka 1987 na 1995, kwa kuwa bei elekezi ilihesabiwa kwa sarafu za Malaysia na Singapore, nazo ziliposhuka thamani, anguko la bei kwa dola ya Marekani halikuonekana lote katika hesabu za shirika. Malaysia ilitangaza kujitoa mwaka 1998, Thailand ikafuata, na mwaka 1999 mkataba ukavunjwa. Kwa maoni yangu, kilichohitaji kurekebishwa kilikuwa kipimo cha bei, si kuvunja mkataba.

Tangu hapo Thailand, Indonesia na Malaysia hujaribu kupunguza mauzo ya nje peke yao, kama zilivyofanya mwaka 2019, ilhali Côte d'Ivoire, iliyo nje ya mpango huo, inazidi kuongeza uzalishaji.

Sasa Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2023, unataka mpira usiotoka katika ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lionyeshwe lilipo. Lengo hilo naliunga mkono. Lakini kupima mamilioni ya mashamba madogo kuna gharama, na wanaoagiza mpira wangepaswa kulipa nusu yake kwa tozo ya kila tani, chini ya mkataba wenye saini za pande zote mbili.