Mshale Mzito Unasingiziwa Kosa la Uti

Ubishi wa mshale mwepesi na mshale mzito kati ya wawindaji wa upinde wa kapi (wenye magurudumu kwenye ncha zake) karibu kila mara huishia kwa mtu mmoja kusema: "Mzito niliujaribu, ukatawanyika, nikarudi kwenye mwepesi." Namwamini kwamba ulitawanyika, yaani mishale haikutua mahali pamoja. Sababu anayoitoa ndiyo siikubali.

Mwenye mshale mwepesi ana hoja yake, na ni ya kweli. Sauti ya upote humfikia mnyama aliye mita 40 mshale ukiwa haujamaliza hata theluthi ya safari. Mnyama mwenye wasiwasi hujikunja ili aruke, na mshale mzito unamwongezea kama sehemu 7 za mia za sekunde. Hilo silibishi, ingawa mshale mzito hutuliza upinde: nguvu nyingi zaidi huondoka na mshale, chache hubaki kutetemesha upinde na kupiga kelele. Wepesi nao una sakafu yake. Kanuni iliyozoeleka ni greini 5 (greini ni kipimo kidogo cha uzito wa mshale) kwa kila pauni ya mvuto, yaani nguvu ya kuvuta upote. Chini ya hapo unakaribia kuuachia upinde mtupu, bila mshale wa kupokea nguvu yake.

Hoja inayorudiwa zaidi ni ya umbali, kwamba ukikosea kukadiria, mshale mzito utakuangusha. Basi tupige hesabu. Chukua upinde wa pauni 70 unaorusha mshale wa greini 350, yaani gramu 22.7 hivi, kwa mita 91 kwa sekunde, na wa greini 500, gramu 32.4, kwa mita 79 hivi. Umelenga kwa mita 40, kumbe mnyama yuko 43. Ukiuweka kando upinzani wa hewa, mwepesi unapiga sentimita 7.5 chini ya ulipolenga, mzito sentimita 10. Tofauti ni sentimita mbili na nusu, unene wa kidole gumba. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa kuwa mwanzoni sikuiamini. Mita 3 nzima za makosa, na uzito wote ule umekugharimu kidole gumba! Tena ukikosea kwa mita 3, hata huo mwepesi haukukuokoa. Umekwisha kushuka sentimita 7.5. Dawa ya hapo ni kipima umbali, si greini.

Na unachopata? Nishati inapanda kidogo tu, kutoka jouli 94 hadi 101. Lakini uzito ukizidishwa kwa kasi, yaani ule msukumo unaoupeleka mshale mbele hata baada ya kukutana na ubavu, unapanda kwa karibu asilimia 24. Ed Ashby, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kupima jinsi mishale inavyopenya, alifika kwenye greini 650 kwa mifupa mizito. Sidhani kila mwindaji anahitaji kufika huko.

Sasa kwa nini ulitawanyika? Namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye uti, ule mwili mrefu wa mshale, hupimwa uti ukiwa umelala: egemeo mbili zilizoachana inchi 28, gramu 880 zinaning'inizwa katikati, na kunepa kwake kunasomwa kwa elfu za inchi. Ndiyo maana 300 ni mgumu kuliko 400. Kwenye upinde mambo ni mengine. Upote unasukuma nyuma, kigumba mbele kinagoma kuondoka, na uti ulio katikati unabanwa mpaka unanesa. Kigumba kikiwa kizito zaidi kinagoma zaidi, na uti uleule ulioutosha upinde jana leo umekuwa laini. Aliyebadilisha kigumba bila kugusa uti hakuujaribu mshale mzito, aliujaribu mshale laini.

Mwenye mvuto mdogo, tuseme pauni 45, nitamshauri asikimbilie greini 500, kwa sababu kwake mshale utapanda na kushuka kama jiwe la kutupwa. Ila naye achague kigumba kwanza, halafu uti.

Mimi mwenyewe nilianguka hapo. Upinde wangu wa pauni 60 ulikuwa na uti wa 400 na ncha ya greini 100, na karatasi ya majaribio, ile unayoitoboa kwa mshale kuona kama unaruka sawa, ilitoboka tundu moja safi lenye alama tatu za manyoya. Nikaweka ncha ya greini 200, karatasi ikapasuka kwa urefu wa kidole, na kigumba cha makali yasiyokunjwa kikaanza kutua kiganja kizima pembeni ya ncha za mazoezi. Wiki mbili nililaumu uzito. Kisha nikafunga ncha ileile ya greini 200 kwenye uti wa 300 uliokatwa kwa urefu uleule. Tundu likarudi kuwa moja, na kigumba kikaingia pale pale penye ncha za mazoezi. Nilipouweka mshale huo kwenye mizani, ulikuwa mzito kuliko ule uliotawanyika.