Kofia ya Lester Young

Kwanza ni giza tupu. Kisha inatokea miduara, mmoja ndani ya mwingine, na moshi unapanda taratibu. Unakaa unajiuliza ni kitu gani hiki. Mara miduara inainuka: kumbe ni kofia, tulikuwa tunaitazama kwa juu, na chini yake ametulia Lester Young, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani. Anaweka saksafoni mdomoni, anaanza kupuliza, wala hana haraka na mtu.

Hiyo ni Jammin' the Blues ya mwaka 1944, filamu ya dakika kama 10 hivi. Aliyeiongoza ni Gjon Mili, mpigapicha wa jarida la Life, mzaliwa wa Albania. Nimeirudia mara nyingi mno, na msimamo wangu ni uleule: katika filamu fupi za jazi za zama zile, sijaona ya kuifikia. (Sisi wa Tanzania tuliokulia kwenye nyimbo za Morogoro Jazz na Tabora Jazz, "jazi" tulilijua kama jina la bendi kabla ya kujua kuwa ni muziki wa watu wengine. Mimi nilichelewa kufika huku, na nilipofika niling'ang'ania.)

Najua wapenzi wa Soundies, zile filamu fupi za wimbo mmoja mmoja, watanipinga. Hizo zilitengenezwa kuanzia 1940 hadi 1946, kwa ajili ya Panoram, kabati kubwa la mbao lenye kioo lililowekwa kwenye baa na migahawa ya Marekani. Unatumbukiza senti 10, unatazama wimbo mmoja wa dakika kama tatu. Kuchagua hakuna. Mkanda ulibeba nyimbo nane, na ulipata ile iliyofikiwa. Nazishukuru kwa moyo wote, maana bila hizo tungemwona mpiga piano Fats Waller kwa shida sana; alipiga Soundies nne mwaka 1941, na Desemba 1943 akafariki. Lakini mtazame Waller mwenyewe. Pale vidole vyake vinapofanya maajabu, kamera imeshakimbilia kwa mabinti waliopangwa kuzunguka piano. Aliyeishika kamera hakuamini kwamba mtu anayepiga piano vile anatosha kutazamwa.

Mili aliamini. Kuna mahali Young amekaa tu, kichwa kimeinama, anamsikiliza mwenzake, na kamera inabaki naye. Wapo wanaosema huo nao ni uigizaji, kwa sababu muziki ulirekodiwa kwanza, wapigaji wakaja kuufuatisha mbele ya kamera. Ni kweli, ulirekodiwa kwanza. Ila ule ukaaji wake, ile shingo, yale macho mazito, hayo hakufundishwa na mwongozaji. Na mimi yananiuma kuyatazama, kwa sababu najua kilichofuata. Mwaka huohuo Young alichukuliwa jeshini, na 1945 mahakama ya kijeshi ikamfunga kwa kukutwa na bangi na vidonge. Alitoka akiwa hai, akaendelea kupiga hadi alipofariki 1959, lakini kila nikiiona ile kofia ikiinuka natamani mkanda usiende mbele.

Kuna jingine ambalo watazamaji wengi hawalioni. Mpiga gitaa, Barney Kessel, alikuwa Mzungu pekee katika kundi lile. Wakubwa wa studio hawakutaka aonekane amekaa na wanamuziki weusi, wakihofia soko la majimbo ya kusini. Mili na Norman Granz, aliyewakusanya wanamuziki wale, wakakataa kumwondoa. Yakaja maafikiano ya aibu: Kessel awekwe kivulini, na mikono yake, pale itakapoonekana kwa karibu, ipakwe juisi ya beri ili iwe nyeusi.

Nilipolijua hilo nilirudi kwenye filamu, nikaisimamisha alipotokea. Gitaa linaonekana. Uso umemezwa na giza, giza lilelile nililokuwa nalisifia kwa uzuri wake tangu mwanzo. Vidole vinatembea kwenye nyuzi bila kukosea, vimepakwa rangi. Nikaiacha iendelee, nikasikiliza gitaa lile mpaka mwisho nikiwa nimefumba macho.