Lifti Niliikataa Mwenyewe

Jamani, mimi Vietnam nilikwenda kwa korosho, sikwenda kupanda mlima. Tajiri alitaka nikaone mashine zinazobangua korosho zetu za Mtwara. Tunawauzia ghafi, wao wanabangua, wanauzia dunia. Hilo nalo linaniuma, lakini leo tuliache.

Kazi ilipoisha tukapata siku mbili za kutembea, tukatua Da Nang. Mwenzangu, Mmakonde wa Newala, alikuwa ameshasikia habari za Ngũ Hành Sơn, yaani vilima vitano vya marumaru vyenye majina ya chuma, mti, maji, moto na udongo. Alivipa majina hayo mfalme wao Minh Mạng, miaka ya 1830. Tukaambiwa kinachopandwa ni kile cha maji, Thủy Sơn. Basi nikaacha chupa yangu hotelini. Kumbe maji yenyewe ni jasho langu.

Tiketi dong, hela yao, elfu arobaini, moyo paa! Lifti ipo, lakini mlango wa upande wa pili, elfu kumi na tano zaidi. Nikasema elfu kumi na tano ya kunipandisha kilimani, kwani mimi kiwete? Usiku ule nilipokaa na kikokotoo nikakuta haifiki hata elfu mbili zetu.

Ngazi 156. Mimi nilihesabu hadi sitini, kisha nikaanza kusali. Bibi mmoja mwenye kofia ya pia akanipita na chane ya ndizi mkononi, hahemi wala nini. Nilipofika pagoda ya Tam Thai, hekalu lao la Kibudha, nilikuta zile ndizi ziko madhabahuni, pamoja na biskuti na soda za kopo zilizopangwa vizuri, sita. Ulimi umenikauka kama kipande cha gunia, na mimi nimevua viatu nasimama kwa adabu mbele ya soda nisizoruhusiwa kuzigusa.

Halafu pango la Huyền Không. Unaingia kimlango kidogo, unashuka ngazi. Nikamuuliza mwenzangu, tumepanda kote huku ili tushuke? Hakunijibu. Nikainua macho. Ni ukumbi mzima ndani ya jiwe, juu pana matundu, mwanga unadondoka kama mtu kaumimina kwa ndoo, na moshi wa udi unaupanda taratibu hadi kwa Buddha aliyekaa juu ukutani. Wakati wa vita na Wamarekani, wapiganaji wao walilaza majeruhi humu. Nilinyamaza kama dakika tatu hivi, mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Chini kuna pango jingine, Âm Phủ, maana yake kuzimu. Tiketi yake mbali. Yaani hata jehanamu ina kiingilio! Ndani kuna masanamu ya wakosaji wanaadhibiwa, na ukitaka peponi kuna ngazi, tena nyembamba, mwinuko wa kupandia mnazi. Mwenzangu akaenda zake peponi. Mimi na magoti yangu tukabaki kuzimu, kuna kaubaridi.

Tulimalizia kwa wachonga mawe wa Non Nước, hapo hapo miguuni pa kilima. Mmakonde akapitisha kidole kwenye mkunjo wa kanzu ya sanamu, akaguna, akasema, "Mashine hii." Jiwe lenyewe siku hizi wanalitoa mbali, vilima vimekatazwa kuchimbwa. Mimi nikaona kinu kidogo cha marumaru cha kutwangia vitunguu saumu, nikakibembeleza bei hadi muuzaji akakaa chini.

Uwanja wa ndege wakakipima. Nililipia uzito uliozidi, sitaki kusema kiasi gani.

Nyumbani mama watoto akakipokea, akakigeuza juu chini, akachungulia tena ndani ya begi.

"Mchi wake uko wapi, baba Zuhura?"

Mchi ulikuwa unauzwa mbali.