Ukuta wa Mviringo Huanzia Kwenye Tofali

Mama alitaka baraza ya ndani sebuleni kwake Tanga, ukuta wa nusu duara nyuma yake, ili wageni wakikaa waonane nyuso badala ya kupangana kama abiria wa basi. Nusu duara yenyewe si kubwa: kutoka kitovu hadi ukutani ni mita 1.5.

Fundi wa kwanza alijenga kwa matofali mazima, kwa kukadiria macho, akatuambia tusihofu, lipu itarekebisha. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Lipu ilirekebisha kweli, hadi mahali pengine ikafika unene wa sentimita 5. Baada ya wiki tatu nyufa zikatambaa kutoka juu hadi chini, na ukigonga kwa kifundo cha kidole ukuta unalia kama debe tupu. Tulibomoa wote. Mama hakusema kitu siku ile, na mimi iliniuma sana.

Hesabu yake ni rahisi. Tofali la bloku lina urefu wa sentimita 45 na uso wake umenyooka. Likikaa kwenye duara la mita 1.5, tumbo lake linatokeza milimita 17 kuliko ncha zake. Ukuta unakuwa na pembe pembe, na kila pembe inadai kujazwa. Likate katikati, pengo hilo linashuka hadi milimita 4 hivi, kiasi ambacho lipu ya kawaida inakimeza bila taabu. Kwa upande wa nyuma viungo vitaachama zaidi ya sentimita 3, na hapo ndipo pa kutomea kwa vipande vya tofali na udongo wa simenti, si kuacha mashimo.

Fundi wa pili alikuwa mzee. Kabla ya kugusa mwiko alisimamisha bomba la chuma pale penye kitovu, akalipima kwa timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, pande zote, kisha akalivisha ubao wenye tundu, ukawa mkono unaozunguka. Kila mstari wa tofali ulipitiwa na mkono huo. Nilipomletea rula ndefu ya aluminiamu akaipokea kwa adabu, akasema, "Mwanangu, hapa rula hailali, itasimama tu."

Nilimwelewa siku ya lipu. Aliufupisha mkono ule ule sentimita 1.5, akautumia kuchora mikanda mitatu ya lipu iliyolala: chini, katikati na juu. Mikanda ilipokamata, akajaza kati yake, kisha akaisimamisha rula wima juu ya mikanda na kuisogeza kando taratibu. Wima ukuta umenyooka, kwa hiyo rula inakubali. Mlalo umepinda, kwa hiyo unafuata mikanda. Sijaona njia nyepesi kuliko hiyo.

Mchanganyiko wake ulikuwa ndoo moja ya simenti, moja ya chokaa, sita za mchanga. Mafundi wengi siku hizi wanaidharau chokaa, na mimi nadhani wanakosea. Lipu yenye simenti nyingi inakuwa ngumu haraka, inasinyaa na kupasuka. Chokaa inaifanya ivutike vizuri chini ya mwiko na kuistahimili kazi ya kupinda. Nasi Tanga tumekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamo ndani ya mwamba huo huo. Ukuta ulimwagiwa maji siku 7, asubuhi na jioni, na kazi hiyo aliidai Mama mwenyewe.

Wapo walioniambia kuta za mviringo ni fasheni ya kuiga. Waende Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu pale ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukapewa makuba na dari za mviringo kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na bara, kwenye nyumba za udongo za msonge, mama zetu walisiliba kwa kiganja, na kiganja hakihitaji kuambiwa ukuta umepinda.

Ninalowaomba wenye nyumba ni kuhusu malipo. Ukimlipa fundi kwa mita ya mraba, bei ile ile ya ukuta ulionyooka, umemfukuza mbio. Atatumia matofali mazima na kuiachia lipu deni. Sisi mzee tulimlipa kwa siku, na siku mbili nzima zilikwisha kwa kukata matofali na kusimamisha bomba tu. Jirani alipita akauliza mbona hakuna kinachoinuka.

Usiku wa mwisho tuliwasha taa tukaishika ubavuni mwa ukuta, mwanga ukiulamba kwa upande, maana hapo ndipo vinundu hujitokeza. Mzee aliona viwili, akavisugua kwa msasa, akawasha taa tena. Ndipo akaling'oa bomba.